Tangi Lako, Maji Yangu

"Kitu changu mimi hakilali kwa mtu," alisema Remigius, akigonga meza ya mama ntilie pale Mbuyuni mpaka chai ikaruka vikombeni. "Nikikuazima kiberiti, ujue njiti nimezihesabu."

Waliokuwa mezani walicheka, wakamwamini. Walikuwa na haki ya kumwamini, maana Moshi nzima hakukuwa na mtu wa kuonyesha kitu cha Remigius alichobaki nacho. Vitu vya watu alivyobaki navyo Remigius, hivyo vilikuwepo, na wenyewe walikuwa wanavitafuta. Lakini tumwache kwanza anywe chai na majivuno yake, kwa sababu hayana siku nyingi.

Kwa kumtazama, Remigius alikuwa injinia. Alivaa koti la mitumba lenye mabega mapana kuliko yake, tai nyekundu, na kofia ngumu ya njano ya wajenzi ambayo hakuivua hata kanisani. Zama zilikuwa zimebadilika, biashara ni ruksa, na mwenye tai na muhuri wa mpira aliitwa kampuni. Yake iliitwa Baraka za Paa. Ofisi yake ilikuwa pikapu aina ya Pijo iliyowaka kwa kusukumwa tu. Mtaji wake wote ulikuwa tangi moja jeusi la plastiki, la lita elfu tatu, ambalo yeye alilipenda akaliita Bosi.

Na kweli lilikuwa bosi, kwa sababu ndilo lililomlisha. Kazi yao ilikwenda hivi. Remigius anapanda kijijini na Bosi mgongoni mwa pikapu. Anachagua nyumba moja, analiweka tangi pembeni ya nyumba, anafunga mifereji ya bati kwenye paa, anatangaza wiki ya maonyesho. Majirani wanakuja, wanaligonga, wanalisikia linavyoitika, wanatamani. Kila anayetaka lake anatoa advansi. Jumamosi injinia anarudi kulichukua tangi la maonyesho "likapigwe muhuri wa serikali mjini," na hapo ndipo kijiji kinapomwona kwa mara ya mwisho. Jumatatu Bosi yuko kijiji kingine, msafi, anaitika tena akigongwa. Bila Bosi, Remigius alikuwa mtu mwenye tai tu, na watu wenye tai Moshi walikuwa wengi kuliko kazi.

Siku ile ya kiberiti, masikio yake yaliangukia meza ya jirani. Walikuwepo wanawake na wanaume wa Masama walioshuka sokoni, wanalalamika ukame. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Mvua ilikuwa imegoma, mfongo, ule mfereji wa asili unaoleta maji vihambani, kwenye mashamba ya migomba, umebaki tope, na kuna bwana mmoja mwenye chemchemi alikuwa anawauzia wenzake maji kwa dumu. Remigius alisikiliza vizuri. Akagundua kwamba kila aliyelaani bei ya maji alikuwa na uchungu wa aina moja: kwamba anayeuza si yeye.

"Mama," alimwambia mama ntilie, "hii chai iandike. Nimeitwa kazini."

Jumatatu alikuwa Masama. Mzee Ndelilio, balozi wa pale, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo hakuna aliyewahi kuona kilicho chini yake, aliwakusanya watu uwanjani kwake. Remigius akapanda juu ya pikapu, akasimama ubavuni mwa tangi.

"Shikamooni wazee wangu! Ndugu zangu, nani hapa ana bati?"

Wengi walinyoosha mikono.

"Basi nyote mna mito, ila mnaiacha ianguke chini! Paa lako likikusanya mvua, wewe unakuwa na mto wako binafsi. Jirani yako mwenye paa la majani ya migomba atakuja kwako na ndoo yake, atasema hodi, atasema shikamoo. Wewe utaamua kama umemsikia."

Hapo kila mtu alimtazama jirani yake, akaanza kumhesabia ndoo.

Akaendelea na sayansi. Asubuhi ile alikula maandazi yaliyofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la wakulima, na kwa kuwa ni mtu asiyetupa kitu, aliusoma. "Na maji yakishatumika hayajafa! Maji ya kunawia, ya vyombo, ya kufulia, yapitishe kwenye changarawe, kisha mkaa, kisha mchanga. Yakitoka hapo yanafulia tena, yanadekia, yanamwagilia mgomba. Ndoo moja inafanya kazi za ndoo tano! Hiyo ndiyo kampuni ya Baraka za Paa." Hakuamini hata neno moja, lakini lilipendeza mdomoni.

Advansi zilianza kumiminika. Sifael, fundi seremala mwenye sauti kubwa, alileta majogoo wawili. Mwingine alileta kahawa, mwingine noti zilizonukia moshi wa jikoni.

"Sasa natafuta nyumba ya maonyesho," alisema Remigius.

"Kwangu!" aliitika mama mmoja kabla sentensi haijafika mwisho.

Huyo alikuwa Eunike, mjane, ambaye watu wote walimwita Mama Gladness kwa jina la binti yake aliyemaliza kidato cha nne na sasa anashona nguo barazani. Mumewe aliwaachia nyumba yenye bati pana na zizi lisilokuwa na ng'ombe. Remigius alilitazama bati, akamtazama mama mpole aliyefunga kitenge mpaka kwapani, akaona amepewa.

Tangi likawekwa kwa Mama Gladness juu ya mawe, mifereji ikafungwa, watu wakagonga, Bosi akaitika. Injinia akashuka zake mjini kungojea Jumamosi.

Jumatano mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuwa ile ambayo redio baadaye iliipa jina, Elinino, na sisi tukalizoea jina kama la mgeni aliyekataa kuondoka. Ilinyesha kama mtu anayelipa deni la miaka miwili kwa siku moja huku mdai akimwangalia. Jumamosi Remigius alipofika Masama, tope hadi magotini na kofia yake ikilia ta-ta-ta, alimkuta Mama Gladness amesimama chini ya upenu anatabasamu.

"Karibu, injinia. Pole na mvua."

"Ahsante, mama. Nimekuja kumchukua Bosi. Yaani tangi. Linakwenda kupigwa muhuri."

"Lichukue, baba."

Remigius akaliegemea, akasukuma. Akasukuma tena. Tangi halikutikisika hata kwa heshima.

"Limejaa hili, mama."

"Mungu ni mwema."

"Basi tuyamwage."

Mama Gladness alitabasamu bado, lakini tabasamu liliacha kazi. "Tufanyeje?"

"Tuyamwage. Nifungue koki yaende tu."

"Wewe baba umelelewa wapi? Nimeshuka bondeni tangu Februari na ndoo kichwani, nagombana na vyura, leo nimepata maji mlangoni unaniambia tuyamwage?" Akashika kiuno. "Hebu nijibu. Tangi lilikuja na maji?"

"Lilikuja tupu."

"Bati la nani?"

"Lako."

"Mvua umeileta wewe?"

Siku ya mkutano angesema ndiyo. "Hapana, mama."

"Basi hatuna ugomvi. Tangi lako, maji yangu. Beba tangi lako, uniachie maji yangu."

Injinia akacheka, akidhani ni utani. Aliyemtoa kwenye mawazo hayo ni Mzee Ndelilio, aliyeitwa aje kuamua. Balozi alilizunguka tangi, akaligonga, akasikiliza, akatafakari kama jaji wa mahakama kuu.

"Tangi ni la injinia," alisema. "Hilo halina ubishi. Maji ni ya mama. Hilo pia halina ubishi. Mama akimaliza maji yake, injinia atachukua tangi lake. Kumwaga maji mwaka huu hapa Masama hatukubali. Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, tunaweza kukusamehe ukimwaga, maji hapana."

Mwingine angepiga kelele. Angekwenda polisi. Lakini fikiria, msomaji: polisi angekwenda kusema nini? Kwamba tangi lake limezuiwa, tangi ambalo vijiji vya Kibosho, Old Moshi na Marangu vinalisubiri? Kadiri Bosi anavyokaa Masama, ndivyo waliotoa advansi wanavyouliza yao yatakuja lini, na ndivyo siku ya soko inavyokaribia ambapo mtu wa Kibosho atakutana na mtu wa Masama na kuanza kuzungumza habari za matangi. Remigius alihitaji tangi tupu, haraka, na kwa ukimya.

"Utayamaliza lini, mama?" aliuliza kwa upole uliomuuma.

"Mimi na binti? Tutajitahidi."

Hawakujitahidi. Wiki iliyofuata alipokuja, alikuta kitu nyuma ya jiko kilichomfanya avue kofia kwa mara ya kwanza. Madebe yaliyotobolewa chini yalikuwa yamepangwa juu ya fremu ya mbao, moja juu ya jingine: changarawe, mkaa, mchanga. Gladness alikuwa anamimina juu maji meusi ya kuoshea sufuria. Chini yalitoka maji ambayo ungeweza kujitazama meno.

"Hii mmeitoa wapi?" aliuliza Remigius.

"Si wewe ulitufundisha?" alisema Gladness. "Changarawe, mkaa, mchanga. Nilikuwa naandika."

"Na inafanya kazi?"

"Kwani ulitudanganya?"

"Hapana! Ah, hapana."

Mama akamtembeza kwa fahari. Maji ya kuoshea mchele yanaosha vyombo. Ya vyombo yanachujwa, yanafua. Ya kufulia yanachujwa, yanadeki. Ya kudekia yanakwenda kwenye mgomba. Hata kuoga, wanasimama ndani ya karai, na maji ya karai yana mgomba wake, mnene kuliko wenzake. Kutoka kwenye tangi walichota ndoo moja kwa siku, na usiku mvua ilirudisha tatu.

Jumapili, wakiwa wanafikiri yuko mjini, Remigius aliingia uani watu wakiwa kanisani, akafungua koki mpaka mwisho. Maji yakatoka unene wa kidole. Wakati huohuo wingu likapasuka, mfereji wa bati ukaanza kumwaga juu ya tangi maji ya unene wa paja. Remigius alisimama pale akitazama hesabu hiyo ikimshinda. Wimbo wa mwisho ulikuwa haujaisha alipotokea Gladness, aliyeachwa kuangalia chungu.

"Injinia, unafanya nini?"

"Napima kasi ya maji."

"Na kasi ikoje?"

"Nzuri," alisema Remigius kwa huzuni, akafunga.

Hapo ndipo akili yake, ambayo tusiidharau, ilipogeuka. Ikiwa maji hayawezi kumwagwa, basi yatumike. Mjanja asiyeweza kuiba kwa kuondoa ataiba kwa kuleta. Kuanzia siku hiyo Remigius akawa mtu wa zawadi.

Kwanza alileta nguo. Alisomba za marafiki zake wa Majengo, mtaani kwake mjini, za jirani, za baa moja pamoja na mapazia yake, na zake mwenyewe, suruali na mashati, akasema kampuni inafanya majaribio ya matumizi. Mama Gladness akazipokea kwa mikono miwili. Wakafua mlima ule kwa siku mbili, beseni kwa chujio, chujio kwa beseni. Nguo zikarudi nyeupe, zimepigwa pasi, na suruali ya injinia imeshonwa kiraka mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajajua pana tundu. Tangi lilishuka kiasi cha kucha. Jioni likapanda.

Kisha akaleta mtamba. Alibadilisha redio kaseti yake na zile advansi za Masama kwa mtamba mmoja mwekundu mwenye kiu ya ajabu, akamwingiza kwenye zizi la Mama Gladness mwenyewe, akivuta kamba mchana kweupe mbele ya barabara nzima.

"Wa majaribio," alisema. "Mpeni maji kila akitaka. Msimnyime."

"Ng'ombe mzuri," alisema Mama Gladness, akimpapasa shingo. "Jamani, injinia. Hukutakiwa."

Majirani walisimama ua kwa ua, wanatazama. Mzee Ndelilio alivuta kofia yake ya sufu chini kidogo. Sifael alinong'ona kitu kwa mkewe. Remigius alifikiri wanaona wivu kwa ajili ya ng'ombe.

Ni lazima hapa niseme jambo la kumtetea. Remigius alizaliwa Majengo. Kwao ni Rombo, lakini Rombo alikwenda Krismasi tu, kama wengi wetu: anakula nyama, anapiga picha mbele ya nyumba ya baba yake, anarudi mjini kabla hajaambiwa akakate majani ya ng'ombe. Yanayofanyika kijijini kati ya Januari na Novemba hakuyajua. Angeyajua, asingefanya lile la tatu.

La tatu ilikuwa mbege. Mtu mmoja alimwambia kwamba hakuna kitu mlimani kinachokunywa maji kama mbege, kabla ya watu kuinywa. Ndizi zinachemshwa kwenye mapipa, ulezi unapikwa uji. Remigius akauza kofia yake ya njano na tairi la akiba, akapandisha mikungu ya ndizi na magunia ya ulezi kwa Mama Gladness. "Pika, mama. Pika mpaka koki ilie. Nataka wazee wote wa hapa wanywe."

"Wazee wote?" aliuliza Mama Gladness, na kwa mara ya kwanza akaonekana kutafuta mahali pa kuweka macho. "Una uhakika, baba?"

"Wote! Na mashangazi."

Basi ikapikwa. Mvua nayo, kama inayopumua kati ya sentensi, ikasimama siku chache. Mama Gladness akamwambia binti yake, "Leo mwanangu tutumie tu," na zile ndoo zikaenda na kurudi. Siku ya kunywa ilipofika, Remigius mwenyewe alibeba mtungi wa kwanza begani kutoka jikoni mpaka kwa Mzee Ndelilio, akaupokeza kwa mikono yake, akatabasamu. Wazee wakatazamana. Wakanywa. Watu wakajaa kihambani mpaka jioni, na mtu wa Majengo akizunguka na bakuli, anamsihi kila mtu aongeze.

Jua linatua, aliligonga tangi.

Ngooo, alisema Bosi. Tupu!

Kesho yake Jumapili, baada ya ibada, Remigius alifika na kamba mbili na moyo mwepesi. Akakuta uani pamepangwa viti. Mzee Ndelilio alikuwa amevaa koti, na chini ya koti shati, na chini ya kofia yake ileile uso wa siku kubwa. Wazee wengine walikuwepo, na mashangazi, na Sifael, na mtaa. Gladness amekaa kando, mikono mapajani.

"Kaa, baba," alisema Mzee Ndelilio. "Tumekubali."

"Mmekubali nini, meku?" aliuliza Remigius, akimwita mzee kwa Kichaga.

"Tulikusoma taratibu. Ulipoleta nguo zako zifuliwe na binti, tukasema labda huko mjini ndivyo wanavyoanza. Ulipoleta mtamba, tukaangaliana. Ulipoleta mbege, tena bila mshenga, umebeba mtungi mwenyewe na kunikabidhi, nikamwambia mke wangu: huyu kijana hana adabu lakini ana nia. Posa yako tumeipokea. Umetuletea hata tangi la mama mkwe. Hilo wazee wa zamani hawakulifikiria."

Remigius aliangalia kamba mikononi mwake. "Wazee wangu, pana makosa. Ile mbege ilikuwa ya..."

"Ya nini?" aliuliza shangazi mmoja.

"Ya kumaliza maji."

"Na kwa nini ulitaka maji yaishe?"

Tumhurumie hapo alipo. Akisema alitaka tangi, wataulizana lilitaka kwenda wapi haraka hivyo, na Sifael yuko kiti cha tatu. Mbele yake palikuwa na milango miwili tu: mkwe au mwizi. Alitafuta dirisha.

"Desturi ikoje, meku? Mtu akiwa hajajiandaa vizuri?"

"Ni rahisi," alisema Mzee Ndelilio. "Ukiendelea, wazee wa kwenu Rombo waje Jumapili ijayo, tuzungumze nao. Ukijitoa mwenyewe, ulicholeta kimebaki. Binti akikukataa, tunakurudishia kila kitu."

Dirisha! Remigius akamgeukia Gladness kwa uso wa mtu anayeomba kazi.

"Dada Gladness, nikatae. Mimi ni mlevi sana. Sina nyumba. Nakoroma. Gari lenyewe haliwaki. Nikatae tu, dada, usinionee aibu."

Gladness alimtazama kwa utulivu, akakunja kitambaa alichokuwa anakishona.

"Mimi sina haraka, injinia. Waache kwanza wazee wenu waje, niwaone."

Wazee wa kwao! Remigius aliwaona mmoja mmoja: baba mkubwa aliyemuuzia shamba la mtu mwingine, baba mdogo aliyemuuzia pasi ya safari ya Ulaya, mjomba ambaye mpaka leo anamngojea arudi na chenji. Wangekuja, bila shaka. Wangekuja wamekodi basi.

"Najitoa," alisema, kwa sauti ndogo.

"Amejitoa," Mzee Ndelilio alitangaza, na wazee wakaguna kwa pamoja kama watu waliofiwa na mtu wasiyempenda sana. Ndipo Sifael akasimama.

"Samahani, meku. Na majogoo wangu wawili wa advansi?"

"Sifael," alisema balozi, "jana ulikunywa bakuli ngapi?"

Sifael alifikiri. "Nilikunywa."

"Basi majogoo wako uliwanywa."

Wengine waliokuwa wameanza kuinuka wakakaa wakijifanya wanajinyoosha. Ikaamuliwa palepale kwamba tangi litakaa kwa Mama Gladness, na kila aliyetoa advansi atachota hapo kiangazi kikija, kwa zamu, na kwamba Jumamosi utapigwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, wa kumjengea kila mtu chujio la madebe, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya injinia iliyokuwa ya kweli.

Walimsukumia pikapu wazee wenyewe, wamevaa makoti, kwa heshima zote. Mama Gladness alitembea kando ya dirisha mpaka injini ilipokohoa.

"Mdogo wangu wa Kibosho anakusalimu," alisema, kwa upole uleule wa siku ya kwanza.

"Nani?"

"Uliyemwekea tangi hili wiki moja. Miezi yote hii alikuwa anatoka nje akisikia gari, aone kama linarudi. Siku ulipoingia hapa nililijua kabla hujashuka. Nitamwita aje amchukue mtamba."

Remigius akakanyaga mafuta. Pijo ikateremka kuelekea mjini, nyuma wazi, nyepesi, ikiruka kila shimo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimewasimulia wenzangu hivyohivyo, neno kwa neno, Jumamosi iliyopita, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya koki kwa Mama Gladness. Nikawaambia: tatizo la Remigius ni kwamba hakusoma. Mtu aliyefika kidato cha nne kama mimi huwezi kumkuta anazungukazunguka uani kwa watu bila kujua watu wanamwonaje. Wenzangu walicheka. Barazani cherehani ilinyamaza, nikasikia na Gladness anacheka, nikanyoosha shati.

Mzee Ndelilio alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na tangi, anasimamia zamu. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

"Hadithi nzuri," alisema. "Umeijuaje yote hiyo, na kwenu ni kule ng'ambo ya mto?"

"Si huwa napita hapa, mzee. Kila Jumamosi nakuja kuchota maji."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, mzee. Maji tu."

Akanitazama mkono wa kulia, akanitazama mkono wa kushoto, akaangalia na nyuma yangu, taratibu, foleni nzima ikimfuata kwa macho.

"Na ndoo iko wapi?"